Kujikinga wodini na kutunza moyo: maswali ya wanafunzi wa uuguzi wa Bukavu

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi wa Bukavu, wa A2 (ngazi ya sekondari) na wa A1 (ngazi ya chuo), wale wanaojiandaa kwa staji ya kwanza, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, na wale ambao tayari wameonja gadi, yaani zamu, ya usiku. Maswali ni yao. Huyaulizia kwenye korido, kwenye kilima wakiteremka kutoka hospitali, na mara nyingi kwenye simu saa nane za usiku, wakati ambao mtu hawezi tena kujizuia. Anayejibu ni msimamizi wa staji. Nimeweka pamoja majeraha ya mwili na maumivu ya moyo kwa sababu wodini hayaji mbalimbali: mwanafunzi aliyechoka na mwenye hofu ndiye anayechomwa na sindano, na aliyechomwa akanyamaza ndiye anayekosa usingizi miezi mitatu.

Nimechomwa na sindano sasa hivi. Nifanye nini?

Acha unachofanya na umwombe mwenzako amshike mgonjwa. Sindano iingie kwenye sanduku la usalama ili isimchome mwingine. Vua glavu, weka kidole chini ya maji yanayotiririka, osha kwa sabuni. Kama bomba limekauka, mtu akumiminie maji kutoka kwenye bidoni (dumu). Usikamue kidole, usikinyonye, usikitumbukize kwenye javeli (dawa ya klorini ya kusafishia). Kukamua na kuunguza ngozi kwa dawa kali hakutoi virusi, kunaongeza kidonda tu. Kama damu imekurukia jichoni, suuza kwa maji safi au seromu ya chumvi kwa dakika 10 hadi 15, kope zikiwa wazi.

Kisha nenda kwa titulari, yaani muuguzi mkuu wa wodi, saa hiyohiyo, siyo mwisho wa zamu. Mweleze saa ya ajali, aina ya sindano, kama ilikuwa na damu, na ilitoka kwa mgonjwa yupi. Mgonjwa ataombwa ridhaa ya kupimwa, nawe utapimwa siku hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 2, na zikicheleweshwa zaidi ya saa 72 hazitolewi tena. Usisubiri majibu ya vipimo ndipo umeze dozi ya kwanza. Mgonjwa akionekana hana virusi, daktari atazisimamisha, na hutakuwa umepoteza kitu.

Jambo moja la hapa kwetu: hospitali zinazopokea watu waliobakwa huwa na dawa hizihizi, kwa kuwa na wao muda wao ni saa 72. Siku ya kwanza ya staji, kabla ya ajali yoyote, uliza ziko kwenye kabati gani, nani ana ufunguo usiku, na kama kweli zipo. Kwa misukosuko tuliyopitia, dawa huisha, na ni afadhali ujue Jumatatu asubuhi kuliko Jumamosi usiku kidole kikitoka damu.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Ndogo kuliko unavyoiona usiku, na kubwa kuliko wanavyosema wale wanaokuambia "si kitu". Kati ya watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya ukimwi, wanaoambukizwa ni kama 3, hata kabla ya kuhesabu kinga ya dawa. Damu ikigusa jicho au mdomo, hatari inashuka zaidi, chini ya mmoja kwa 1,000.

Ninachokiogopa zaidi mimi ni homa ya ini aina ya B. Kwa asiyechanjwa, akichomwa na sindano ya mtu mwenye virusi hivyo, hatari ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi kwenye damu ile. Virusi hivyo vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka kwenye ukingo wa meza. Wanafunzi wengi huulizia ukimwi peke yake. Uliza na ini.

Nikisema, nitapunguziwa pointi, au wataniita mzembe. Si bora ninyamaze?

Hapana. Ningependa swali hili lisomwe na wasimamizi wenzangu kabla ya wanafunzi.

Najua linatoka wapi. Mwanafunzi amelipa minervali (ada ya shule) kwa shida, karne ya staji, yaani daftari la pointi zake, iko mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo jana alimfokea mwenzake mbele ya wodi nzima. Kwa hiyo anafunga kidole kwa kompresi (kitambaa cha kidonda), anavaa glavu nyingine, anaendelea kugawa dawa. Saa 2 zinapita, siku ya kwanza inapita, ya tatu inapita. Kufikia hapo hakuna dawa inayoweza kumsaidia kuhusu virusi vya ukimwi, imebaki kungoja tu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2002 kwamba kati ya wafanyakazi wa afya milioni 35 duniani, karibu milioni 3 hupata ajali za namna hii kila mwaka. Humo wamo wauguzi wa miaka ishirini kazini, humo wamo madaktari wa upasuaji. Ajali ya sindano si alama ya uvivu. Mara nyingi ni alama ya taa iliyozimika, sanduku lililojaa, au wagonjwa arobaini kwa mikono miwili.

Kwa mwanafunzi: kama humwamini msimamizi wako, pitia kwa titulari. Kama naye humwezi, pitia kwa mtu wa maabara, kwa daktari wa zamu, kwa mwalimu wa shule, kwa yaya yeyote, yaani mkubwa aliyekutangulia promosheni (darasa la mwaka). Mtu wa kwanza unayemwambia si lazima awe yule anayekupa pointi. Kwa msimamizi: neno lako la kwanza mwanafunzi anapokuja na kidole kinachotoka damu litaamua kama wengine tisa waliosikia watakuja siku yao ikifika. Mwambie "umefanya vizuri kuja", mpeleke kwenye dawa, na ule uchunguzi wa nani alikosea uje kesho, ukihusu wodi na siyo yeye.

Nimeanza dawa. Siku 28 zitakuwaje?

Kwa kawaida ni vidonge vyenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, mara moja kwa siku. Wiki ya kwanza unaweza kusikia kichefuchefu, kichwa kuuma, uchovu. Dolutegraviri humnyima usingizi mtu mwingine, basi imeze asubuhi. Kama unameza vidonge vya damu vyenye chuma au dawa za tumbo za kupunguza asidi, mwambie daktari: vinazuia dolutegraviri isiingie vizuri mwilini, na vinatakiwa vitenganishwe kwa saa kadhaa.

Upimwe na homa ya ini B mwanzoni. Tenofoviri na lamivudini zinagusa virusi vya ini pia, na mtu mwenye virusi hivyo bila kujua anaweza kuugua ini anapoziacha ghafla. Kipimo cha virusi vya ukimwi kinarudiwa baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3. Katikati ya hapo tumia kondomu na usitoe damu.

Kuhusu mchumba au mume: mwambie. Wanafunzi huniuliza kama inawezekana kuficha. Inawezekana, ila chupa ya dawa za ukimwi ikigunduliwa chini ya godoro huzua maneno mabaya kuliko ukweli wenyewe. Kama unaogopa, njoo naye, tutamweleza pamoja.

Mjamzito pia anaruhusiwa kumeza dawa hizi, na chanjo ya ini B haimdhuru mtoto.

Chanjo ya homa ya ini B ni lazima?

Kwangu mimi ni lazima, hata pale shule haijaandika hivyo. Wengi wenu mliovuka miaka ishirini mlizaliwa kabla haijaingia kwenye ratiba ya chanjo za watoto nchini, kwa hiyo usidhani ulishapewa kwa kuwa mama yako anakumbuka sindano za utotoni. Pima kwanza kama huna virusi tayari. Kisha dozi 3: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, ya baada ya miezi 6. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama mwili umejenga kinga.

Ukihesabu, utaona kwamba anayeanza chanjo wiki ya kuingia staji atamaliza wakati staji imekwisha. Ianze unapoandikishwa shuleni. Dozi moja peke yake haitoshi, na ya tatu ndiyo ambayo wengi huisahau.

Kwa nini mnakataza kufunika sindano baada ya kuchoma?

Angalia mikono yako mwenyewe siku moja. Umemaliza kumchoma mtoto wa pediatri. Mtoto analia, mama anauliza jambo, mkono wa kushoto umeshika kile kifuniko kidogo cha plastiki kati ya kidole gumba na cha shahada, wa kulia unaleta ncha. Macho yako kwa mtoto. Ncha inapita pembeni ya kifuniko kwa milimita mbili tu na kuingia kwenye kidole. Ndivyo inavyotokea, kwa watu makini kabisa.

Basi sindano iliyotumika haifunikwi. Inakwenda moja kwa moja kwenye sanduku la usalama pamoja na bomba lake, na sanduku ndilo linalokufuata kitandani, siyo wewe utembee wodi nzima na ncha wazi ukilitafuta. Likijaa robo tatu linafungwa. Usilisukumize kwa mkono ili liingie zaidi. Kama hakuna sanduku, tumia bidoni ya plastiki ngumu yenye mdomo mpana, iliyoandikwa wazi. Na ikitokea sababu ya kweli ya kufunika, laza kifuniko mezani, mkono wa pili uweke mgongoni, kisha kiokote kwa ncha ya sindano kwa mkono mmoja.

Usiku umeme ukikatika, usichome ukiwa umeshika simu kwa meno. Tochi ya kuvaa kichwani haigharimu sana. Nunueni moja kwa watu watatu mkianza gadi.

Ampuli za glasi zinanikata kila wiki. Kuna namna?

Ipo. Igonge kidogo kwa kidole ili dawa iteremke, izungushie shingo kompresi kavu, kama ina alama ya nukta, nukta ikutazame wewe, kisha ivunje kwa kuisukuma mbali na uso wako. Wengi huivunja kwa kuivuta upande wao, na hapo glasi hukimbilia kidole gumba. Shingo iliyovunjika inaingia kwenye sanduku lilelile la sindano. Ukiitupa kwenye pipa la kawaida, atakayekatwa ni mama wa usafi.

Mgongo unaniuma tangu nianze staji. Ninainama vibaya?

Labda, lakini si hilo tu. Tumezoea kumfundisha mwanafunzi "kunja magoti, nyoosha mgongo" na kudhani tumemaliza. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba somo la namna ya kuinua, likiwa peke yake, halipunguzi maumivu ya mgongo. Kinachosaidia ni kupunguza uzito unaoinuliwa, kuongeza mikono, na kuwa na vifaa. Wataalamu wa Marekani wa usalama kazini waliweka kikomo cha takriban kilo 16 kwa mtu mmoja anayemshughulikia mgonjwa kwa mikono. Mgonjwa mzima wa kilo 65 hainuliwi na mtu mmoja, hata kama ni kijana wa mtaa wa Kadutu aliyezoea kupandisha magunia kilimani.

Vitanda vyetu vingi havipandi wala kushuka, na mashine ya kunyanyulia wagonjwa hatuna. Kitu tulicho nacho ni kitenge. Karibu kila mgonjwa amekuja nacho. Kikunje mara mbili, mgeuze mgonjwa ubavu, kipitishe chini yake toka mabegani hadi mapajani, mrudishe chali. Watu wawili upande huu, wawili upande ule, kila mmoja amekunja pindo la kitenge kwenye ngumi karibu kabisa na mwili wa mgonjwa. Mmoja anahesabu kwa sauti. Hamumwinui, mnamtelezesha. Kabla ya kuhesabu mwambie mgonjwa mnachotaka kufanya na mwombe asukume kwa kisigino kama anaweza. Wengi wanaweza, hakuna anayewaomba.

Walinzi wa wagonjwa, yaani ndugu wanaowauguza, wawahusishe, lakini wafundishe kwanza, maana nao wana migongo. Maumivu yakiteremka mguuni, au mguu ukifa ganzi, onana na daktari wiki hiyo.

Javeli inanichoma macho.

Pengine mmeichanganya kali kupita kiasi. Klorini ya asilimia 0.5 ni ya sakafu na vifaa, 0.05 ndiyo ya mikono. Fungua dirisha, mimina dawa kwenye maji na siyo maji kwenye dawa, wala usiichanganye kamwe na siki au dawa ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi inayoumiza mapafu. Vaa viatu vilivyofunikwa. Kandambili kwenye sakafu iliyolowa ni ajali inayosubiri siku yake.

Na magonjwa ya mlipuko? Mpox, kipindupindu, Ebola?

Hatuishi mbali nayo. Mpox ya aina ya kladi Ib ilitokea Kamituga, hapa Kivu Kusini, kuanzia Septemba 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao Kivu Kaskazini, na ilifika hadi Mwenga, hapa Kivu Kusini. Wafanyakazi wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Mwanafunzi huhofia kuingia kwa mgonjwa. Hatari nyingi iko wakati wa kutoka: unavua glavu umechoka, jasho linakuingia machoni, unajipangusa kwa mkono uleule. Uvuaji ufanyike polepole, mwenzako akikutazama na kukusomea hatua moja baada ya nyingine. Jizoezeni hivyo kwa vifaa safi, kwenye darasa, hadi mikono izoee. Na kama mkubwa anakutuma kwa mgonjwa anayeshukiwa bila kukupa kinga, una haki ya kusema: "Naomba glavu na barakoa kwanza, kisha naingia."

Mafunzo ya kujikinga yana uhusiano gani na moyo?

Mkubwa. Hofu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni hofu ya kutojua: sijui nitafanya nini damu ikinirukia, sijui nani nimwite. Anapokuwa ameshazoea hatua kwa mikono yake, hofu hupungua na anapata nafasi ya kumtazama mgonjwa usoni. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakitetemeka wakishika katheta ya mshipa wakatulia baada ya mchana wa mazoezi kwenye papai na chupa tupu. Papai lina ngozi na nyama, unajua ncha imepenya lini.

Kuna upande wa pili. Mafunzo yakitolewa kwa kutisha, kwa picha za vidonda na orodha ya adhabu, yanamfanya mwanafunzi afiche ajali. Na asiyelala wala kula hakumbuki hatua hata kama alipata 18 kwa 20 kwenye mtihani. Ndiyo maana kabla ya kuwapa wodi nauliza nani hajala.

Mgonjwa wangu wa kwanza amefariki. Tangu hapo nalia na silali. Je, sifai kazi hii?

Unafaa. Ulimwosha, ulimjua jina, ulimsikia akiulizia watoto wake. Mwili wako unajibu kama mwili wa mtu yeyote aliyepoteza mtu.

Nyumbani tunajua la kufanya mtu akifa. Kuna kilio, watu wanakaa nje kwenye viti usiku kucha, wimbo unaimbwa, mtu hashiki kazi. Wodini hakuna hata kimoja cha hivyo. Dakika tano baadaye kitanda kimepanguswa na unaambiwa upeleke seromu kitanda cha pili. Huzuni iliyokosa mahali pa kukaa hukufuata hadi nyumbani.

Kwa hiyo itafutie mahali. Mwombe titulari dakika kumi, nenda nje, kunywa maji, lia kama yanakuja. Kama familia inakubali, wape pole kwa jina la marehemu. Jioni zungumza na mwenzako mliyekuwa naye zamu, siyo lazima mengi. Kula, hata kama ni ugali na sambaza chache. Rudi wodini kesho yake ikiwezekana, kwa kazi nyepesi.

Wenzake nao wasimlazimishe asimulie kila kitu siku hiyohiyo. Zamani ilidhaniwa kwamba kumkalisha mtu na kumfanya arudie yote mara moja kunamponya. Imeonekana hakumsaidii, na wengine kunawaumiza. Kaa naye, mwulize anahitaji nini, msikilize akitaka kusema, mwunganishe na msaada.

Kulia, ndoto mbaya, kushtuka kwa sauti ya chuma kudondoka: hayo ya wiki za kwanza hupungua kwa wengi. Yakivuka mwezi, au ukianza kukwepa wodi nzima, au unywaji wa pombe ukawa ndio usingizi wako, onana na mwanasaikolojia au muuguzi wa afya ya akili.

Nipo staji kwenye huduma ya waliobakwa. Simulizi zao zimeniingia mwilini.

Mji huu unabeba mengi ya namna hiyo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, imefundisha dunia kwamba mwanamke aliyebakwa anahitaji tiba, msaada wa moyo, sheria na njia ya kujitegemea kwa pamoja. Wale akina mama wanaowasindikiza wagonjwa huko, wanaoitwa Mamans Chéries, hawafanyi kazi hiyo kila mmoja peke yake. Chukua hilo.

Usiulize zaidi ya kile ambacho kazi yako inakihitaji. Kama faili tayari ina maelezo, lisome, usimfanye mama arudie kwa ajili ya karne yako ya staji. Hilo linamlinda yeye na linakulinda wewe. Usiitembeze simulizi kwenye basi wala kwenye kundi la promosheni, hata bila jina, Bukavu ni ndogo. Ulichobeba kilete kwa msimamizi au mwanasaikolojia wa huduma. Na kama mambo hayo yaliwahi kukupata wewe mwenyewe, una haki ya kuomba wodi nyingine bila kueleza kwa nini.

Mimi ni mwanamume. Wenzangu wanasema kulia ni udhaifu.

Wanaume wengi niliowasimamia walianza kuonyesha huzuni kwa hasira: kugombana na walinzi wa wagonjwa, kuchelewa, kunywa. Kama ni hivyo kwako, hiyo ndiyo huzuni yako. Tafuta mwanamume mkubwa kazini unayemheshimu na umwulize alipita vipi. Wengi wana la kusema, hawajawahi kuulizwa.

Ndugu wa mgonjwa wamenisukuma ukutani. Na msimamizi hunitukana.

Ndugu mwenye uchungu akipaza sauti, simama upande wa mlango, usimfungie njia, ongea polepole, mwite "Baba" au "Mama", mwambie unamwita mkubwa, kisha mwite kweli. Habari ya kifo au ya bili asipewe na mwanafunzi peke yake. Ukiguswa, andika ripoti siku hiyo na upimwe kama umeumia.

Matusi ya msimamizi nayo ni jeraha la kazini. Andika tarehe, maneno, waliokuwepo. Nendeni wawili au watatu kwa mkuu wa staji wa shule, maana mmoja peke yake huitwa mkaidi. Kukosolewa ni sehemu ya kujifunza, lakini kuna kosa lako na kuna utu wako, na hakuna mwalimu aliyepewa ruhusa ya kuugusa huo wa pili.

Gadi ya usiku inanimaliza.

Lala mchana kabla ya usiku wa kwanza. Kula kabla ya saa sita za usiku, kisha vitu vidogo. Saa zile za alfajiri ndipo mikono inapokosea, basi hesabu za dawa zihakikishwe na mtu wa pili. Kama zamu inaisha gizani, baki hospitalini hadi kupambazuke. Usiteremke kilima peke yako ili uwahi kitanda, na usipande pikipiki ya mtu usiyemjua.

Tangu vita vifike mjini hatuna nguvu ya kusoma. Mnatarajia nini kwetu?

Waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Wengine mlikimbia, wengine mlizika, wengine mlipokea majeruhi kabla ya kufundishwa kufunga jeraha la risasi. Benki zilipofunga, minervali ikawa tatizo juu ya tatizo. Sitarajii mfanye kama hakuna kilichotokea. Naomba mseme mapema: nani hana pa kulala, nani hawezi kuvuka mtaa fulani, nani akisikia mlio anaganda. Ratiba ya staji inaweza kubadilishwa kwa anayesema.

Nina mawazo ya kujiua.

Asante kwa kuandika. Usibaki peke yako leo. Mwambie mtu mmoja kwa maneno haya haya, bila kuyapunguza, na abaki nawe. Kama una funguo za kabati la dawa, mpe mwingine. Bukavu kuna kituo cha afya ya akili cha SOSAME cha Mabruda wa Upendo, Goma kuna Tulizo Letu. Ikiwa ni usiku, nenda kwenye dharura ya hospitali iliyo karibu, mwambie muuguzi wa zamu. Hutaondolewa shuleni kwa kuugua. Na wewe uliyeambiwa na rafiki: muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo, linamfungulia mlango. Kisha msindikize, usimwelekeze tu.

Mimi ni mzazi. Mtoto wangu akirudi kutoka gadi hataki kuzungumza. Nifanyeje?

Mpe maji ya kuoga na chakula, na wadogo zake wasimwamshe. Blauzi ya staji ifuliwe peke yake kwa sabuni na maji ya moto. Usimwulize nani amekufa, mwulize amekula nini. Akitaka, atasema jioni mkichambua sombe. Ukiona wiki nyingi zinapita hacheki, hali, hasali wala kwenda kwaya kama alivyozoea, njoo shuleni utuone. Na kama pesa ya muhula huu inatosha kitu kimoja tu, kati ya blauzi ya pili na dozi ya tatu ya chanjo, mlipie dozi.